Kikombe, Kinga Radi na Jiwe la Liganga

Tuliosoma fizikia katika sekondari za Tanzania tulizoeshwa mapema kuvigawa vitu mafungu mawili: huku metali, zinazopitisha umeme, kule kaure, kioo na mbao kavu, visivyopitisha. Mgawanyo huo ulitufaulisha mitihani, na mpaka leo unamfaa fundi anayechagua mpini wa bisibisi. Lakini anayekaa Njombe au Makambako kwa miaka, akavitazama kwa makini vitu vinavyobeba umeme juu ya nguzo na mawe yaliyolala ardhini mwa mkoa huu, ataona mgawanyo huo haushiki. Hapa kuna oksidi ya metali inayouzuia umeme kabisa, kuna nyingine inayouzuia hadi msongo upande mno ndipo iufungulie njia, na kuna nyingine inayoupitisha usiku na mchana. Zote tatu ni metali iliyoshikamana na oksijeni. Zote zimepitia moto, mbili katika tanuru la kiwandani na moja katika tumbo la dunia. Nilichojifunza kutokana na vitu hivi vitatu ni kwamba swali la kwanza la kuiuliza oksidi ni namna atomi zake zilivyopangwa, na mahali mpangilio huo ulipovurugika. Jina la metali iliyomo huja baadaye. Tena naamini kwamba nchi inayojiandaa kuchimba madini ya chuma ya Liganga inauhitaji ufahamu huu kuliko inavyodhani.

Makambako ni mji uliozaliwa na makutano. Barabara kuu iendayo Zambia inaachana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Tangu mwaka 2018 yameongezeka makutano ya aina nyingine: kutoka kituo cha kupoza umeme cha Makambako imetoka laini ya msongo wa kilovolti 220, yenye urefu wa kilometa zipatazo 250, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ikipitia Madaba hadi Songea. Ndiyo iliyouingiza mkoa wa Ruvuma katika gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Njombe na jirani zake Mufindi wamechangia pia kwa namna yao, kwani nguzo nyingi za mbao zinazobeba laini ndogo nchini zilikuwa miti katika mashamba ya nyanda hizi. Mtu akiinua macho kuitazama nguzo yenye transfoma, ataona vitu viwili vinavyofanana kwa umbo, vyote vikiwa na mikunjo kama sahani zilizopangwa juu ya nyingine. Kimoja ni kikombe, kama mafundi wa TANESCO wanavyokiita, kinachoushikilia waya usigusane na nguzo. Cha pili ni kinga radi. Ndani ya vyote viwili kuna seramiki ya oksidi, lakini vimewekwa pale kwa kazi zinazopingana.

Kikombe cha kaure hutengenezwa kwa udongo mweupe, felspa na mchanga wa kwatzi, navyo vikishachomwa hubaki hasa oksidi za alumini na za silikoni. Alumini ikiwa peke yake ni metali hodari ya kupitisha umeme. Nyaya nyingi zinazotoka Makambako ni za alumini. Ikishaungana na oksijeni, kila atomi yake hutoa elektroni tatu za nje, na oksijeni huzipokea na kuzikumbatia. Hakuna elektroni inayobaki bila mwenyewe. Kuing'oa moja na kuifanya itembee katika oksidi safi ya alumini kunahitaji nishati ya karibu elektronivolti 9, wakati joto la kawaida la chumbani huipa elektroni sehemu moja tu ya arobaini ya elektronivolti moja. Pengo hilo ndilo linaloufanya umeme wa maelfu ya volti uning'inie sentimeta chache kutoka kwenye chuma cha nguzo bila kuvuka. Kikombe kikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu kimepasuka, au kwa sababu uchafu na unyevu vimeweka njia juu ya uso wake; moyo wa seramiki yenyewe haujabadilika.

Kinga radi ni jambo jingine, na hapa nataka tukae kidogo. Ndani ya ganda lake kumepangwa vidonge vya oksidi ya zinki. Kwa msongo wa kawaida wa laini, vidonge hivyo hupitisha mkondo mdogo kiasi kwamba mtu angeviweka fungu moja na kikombe. Radi inapopiga, na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili katika nyanda hizi huja na radi kali, msongo hupanda ghafla, na vidonge vile vile hubadilika ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde na kuupeleka ardhini mkondo wa maelfu ya ampea. Msongo ukishuka, vinafunga tena. Hakuna kifaa kinachojongea, hakuna swichi, hakuna mtu aliyeamuru. Tabia hii ilifanyiwa kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 na Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita nchini Japani, na baada ya kuchapishwa mwaka 1971 ilibadilisha namna dunia nzima inavyozilinda laini za umeme.

Siri yake imo katika kasoro. Unga wa oksidi ya zinki huchanganywa na kiasi kidogo cha oksidi za bismuthi, antimoni, kobalti na manganizi, kisha hushindiliwa na kuchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000. Kinachotokea ni punje za fuwele, kila moja ikiwa na upana wa kama mikromita 10, zilizobanana pande zote. Ndani ya punje umeme unapita kwa urahisi, kwa sababu oksidi ya zinki haitoki tanuruni ikiwa kamili: hubaki na ziada ndogo ya zinki ikilinganishwa na oksijeni, na ziada hiyo huachia elektroni huru. Mpakani mwa punje na punje, mambo hugeuka. Ioni ya bismuthi ni kubwa mno kuingia kwenye nafasi ya zinki, kwa hiyo husukumwa nje na kukusanyika mpakani, na huko hutokea mitego inayonasa elektroni. Elektroni zilizonaswa huzifukuza zinazofuata. Kila mpaka hustahimili volti zipatazo 3, kisha huachia. Kwa hiyo kinga radi inayopaswa kuvumilia makumi ya maelfu ya volti inahitaji mipaka inayozidi elfu kumi iliyofuatana, na mtengenezaji huweka kiwango cha msongo kwa kuamua ukubwa wa punje na unene wa vidonge.

Mtu makini anaweza kunipinga hapa: hayo ni mambo ya punje, si ya atomi, na punje huonekana kwa hadubini ya kawaida. Ni pingamizi la haki, lakini mpaka wa punje ni nini kama si mahali ambapo safu za atomi za upande mmoja zimeshindwa kuungana na safu za upande wa pili? Chanzo cha uzuiaji huo ni tabaka lenye unene wa atomi chache. Ukiondoa bismuthi kwenye mchanganyiko, punje zitakuwepo, mipaka itakuwepo, lakini kidonge kitapoteza karibu uwezo wake wote wa kugeuka. Jambo hili lina maana kubwa kwa matengenezo. Kila msukumo wa radi unaopita unaweza kuidhoofisha baadhi ya mipaka hiyo. Mkondo unaovuja huongezeka, vidonge hupata joto, joto huongeza uvujaji, na hatimaye kinga radi huungua. Ganda la nje linaweza kuwa zima siku zote hizo. Ndiyo maana ukaguzi wa macho peke yake hauridhishi, na kupima mkondo unaovuja ni kazi inayostahili kupewa muda na vifaa. Anayeelewa kilichomo ndani ya kidonge haambiwi mara mbili.

Kutoka Makambako, ukipita Njombe mjini na kuendelea hadi Ludewa, unafika kwenye oksidi ya tatu. Madini ya chuma ya Liganga ni magnetaiti yenye titaniamu na vanadiamu, na makadirio ambayo serikali imekuwa ikiyataja ni tani milioni 126. Watu wengi wanajua kwamba jiwe hilo huvutwa na sumaku. Wachache wanajua kwamba magnetaiti safi hupitisha umeme. Haifikii shaba, ambayo inaishinda kwa maelfu ya mara, lakini ukiilinganisha na ndugu yake hematiti, oksidi nyekundu ya chuma, magnetaiti inaishinda kwa zaidi ya mara milioni. Metali ni ile ile, oksijeni ni ile ile, hata uwiano wao unakaribiana: hematiti ina atomi mbili za chuma kwa tatu za oksijeni, magnetaiti tatu kwa nne. Ikiwa aina ya metali ndiyo inayoamua, tofauti kubwa namna hii imetoka wapi?

Mchezo wa bao unalieleza hili vizuri. Katika hematiti kila ioni ya chuma imebaki na elektroni tano katika ganda lake la ndani, kama bao lenye mashimo yote yenye kete tano tano. Ukichukua kete moja na kuihamishia shimo jirani, unapata shimo lenye nne na jingine lenye sita. Umevuruga usawa, na maumbile yanadai gharama kubwa kwa hilo. Magnetaiti ina nafasi za aina mbili. Katika nafasi zilizozungukwa na oksijeni sita, nusu ya ioni zina kete tano na nusu zina sita, zikiwa jirani kabisa. Kete moja ikiruka kutoka kwenye sita kwenda kwenye tano, iliyokuwa sita inakuwa tano na iliyokuwa tano inakuwa sita. Bao linaonekana kama lilivyokuwa, gharama ni ndogo, na kete inayofuata inaweza kuruka vile vile. Hivyo ndivyo umeme unavyotembea ndani ya jiwe lile. Mpangilio wa atomi za magnetaiti ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kuchunguzwa kwa mionzi ya eksi, mwaka 1915. Kisha mwaka 1939 Evert Verwey, aliyekuwa katika maabara za Philips nchini Uholanzi, alieleza kwamba magnetaiti ikipozwa hadi karibu nyuzi 150 chini ya sifuri, upitishaji wake huporomoka kwa kama mara mia moja, kwa sababu tano na sita huacha kubadilishana na kutulia katika nafasi maalumu. Hakuna atomi iliyoongezwa wala iliyoondolewa. Mpangilio tu ndio uliobadilika.

Pembeni kidogo ya hoja: udongo mwekundu unaovutia wageni wanaokuja Njombe umepewa rangi na oksidi za chuma za aina ya tano tano. Kwa hiyo fimbo ya shaba inayosimikwa kando ya nguzo kuipeleka radi ardhini haisaidiwi na wekundu huo hata kidogo. Inasaidiwa na maji yaliyomo kwenye udongo na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Udongo ukikauka wakati wa kiangazi, ukinzani hupanda, na mvua za kwanza zenye radi hupiga kabla unyevu haujashuka chini. Fimbo fupi isiyofikia udongo unaobaki na unyevu mwaka mzima huifanya hata kinga radi bora ipungukiwe.

Narudi kwenye pingamizi lililo zito zaidi, ambalo mkemia yeyote atalileta. Atasema kwamba mpangilio wenyewe ni mtoto wa kemia. Magnetaiti ina sita na tano kwa sababu chuma kinakubali hali mbili; alumini haikubali, na hutaipata magnetaiti ya alumini hata ukiitafuta milele. Nakubali kwamba metali huweka mipaka ya yanayowezekana. Lakini mipaka hiyo ni mipana kuliko tulivyozoea kudhani, na ushahidi ninaouthamini kuliko wote umetoka kwenye alumini yenyewe. Mwaka 2003 Hideo Hosono na wenzake nchini Japani walichukua mchanganyiko wa oksidi za kalsiamu na alumini unaopatikana katika baadhi ya saruji. Mchanganyiko huo kwa kawaida ni kihami. Fuwele yake, hata hivyo, imejengwa kwa vizimba vidogo, na katika baadhi ya vizimba hivyo hukaa ioni za oksijeni zilizoshikwa kwa ulegevu. Waliziondoa ioni hizo, elektroni zikabaki vizimbani badala yake, na kihami kikawa kipitishi. Kalsiamu haikukubali hali mpya, alumini pia haikukubali. Nafasi tupu katika mpangilio ndiyo iliyofanya kazi.

Ushahidi wa pili unafahamika zaidi. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa Uswisi, walitangaza seramiki ya lanthani, bariamu na shaba iliyoanza kupoteza ukinzani wake wote kwenye nyuzi kama 35 za Kelvini, na mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo wa 1987 ilipatikana seramiki ya yitriamu, bariamu na shaba inayofanya hivyo kwenye nyuzi zipatazo 92 za Kelvini. Seramiki hiyo ikiwa na atomi zinazokaribia saba za oksijeni kwa kila tatu za shaba, ni kipitishi kikuu. Zikipungua hadi sita, ni kihami. Metali hazijaguswa. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni atomi moja ya oksijeni, na hasa kama imekaa katika minyororo ya shaba au haikukaa.

Kuna pingamizi jingine linaloonekana kunielemea upande wa pili. Mwaka 1937 Jan de Boer na Verwey walionyesha kwamba nadharia ya wakati huo, iliyohesabu elektroni katika mpangilio wa fuwele, ilidai oksidi ya nikeli ipitishe umeme kama metali. Haipitishi, ni kihami cha rangi ya kijani. Basi mpangilio haukutosha? Haukutosha jinsi ulivyohesabiwa. Rudolf Peierls na Nevill Mott waliona kwamba elektroni husukumana zenyewe kwa zenyewe, na zikibanwa kwenye ioni zilizo mbali kidogo na nyingine, msukumano huo huzigandisha kila moja kwake. Umbali kati ya ioni ni sehemu ya mpangilio. Baadaye Verwey na wenzake waliitia oksidi hiyo lithi kidogo, baadhi ya ioni za nikeli zikapungukiwa na elektroni moja, na kijani kikageuka cheusi kinachopitisha umeme. Kwangu mimi, historia hii inaiimarisha hoja kwa kuidai iwe sahihi zaidi: anayesema mpangilio ahesabu pia umbali, nafasi zilizoachwa wazi na wageni walioingizwa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni anasa kwa mkoa unaolima chai, viazi na parachichi. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nao, kwa sababu Watanzania wameshafanya kazi ya aina hii na wameifanya vizuri. Oksidi mojawapo ya vanadiamu, yenye oksijeni mbili kwa kila vanadiamu, ni nusukipitishi chini ya nyuzi 68 za Selsiasi na ni kama metali juu yake; jambo hilo lilielezwa na F. J. Morin mwaka 1959. Kwenye baridi atomi za vanadiamu hujipanga jozi jozi na kuzifunga elektroni, na kwenye joto jozi huvunjika. Mwaka 1999 Rogath Kivaisi na Margaret Samiji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti kuhusu matabaka membamba ya oksidi hiyo. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa chuo hicho hicho, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Chuo Kikuu cha Uppsala, walionyesha kwamba kuitia magnesiamu hushusha joto la mageuzi hayo na kuruhusu mwanga mwingi zaidi kupita, hatua muhimu kwa vioo vya madirisha vinavyojirekebisha kulingana na joto. Vanadiamu ni metali ile ile iliyomo Liganga. Kati ya maabara ile na mlima huu kuna barabara ya lami kwa sehemu kubwa ya safari. Kinachokosekana ni mpango wa kuviunganisha.

Na Liganga yenyewe inadai ufahamu huu kabla ya tani ya kwanza kuondoka. Titaniamu ikiingia ndani ya magnetaiti, hukaa kwenye zile nafasi za kuzungukwa na oksijeni sita, na kila inapoingia hulazimisha ioni moja ya tano kuwa sita ili chaji ilingane. Titaniamu ikizidi sana, chuma chote kilichobaki huwa cha sita, bao huwa sawa tena na umeme hukwama. Katika miamba iliyopoa polepole chini ya ardhi, sehemu ya titaniamu hujitenga na kuunda matabaka membamba ya ilmenaiti ndani ya magnetaiti. Vanadiamu haijitengi hivyo. Hukaa ndani ya fuwele mahali pa chuma. Mgawanyo huu ndio unaoamua njia ya kuchakata. Kusaga na kutenganisha kwa sumaku kunaweza kuondoa ilmenaiti iliyo katika chembe kubwa, lakini hakuwezi kuigusa titaniamu iliyobaki ndani ya fuwele, na vanadiamu haitoki kwa kusaga kwa vyovyote. Afrika Kusini huitoa kwa kuchoma madini pamoja na chumvi za sodiamu katika hewa, hadi mpangilio wa magnetaiti uvunjike na vanadiamu iwe chumvi inayoyeyuka majini. Huko Panzhihua, katika jimbo la Sichuan nchini China, madini ya aina hii huyeyushwa katika matanuru makubwa, na sehemu kubwa ya titaniamu imeishia kwenye mabaki ya tanuru ambayo ni magumu kuchakatwa tena.

Shirika la Maendeleo la Taifa lilisaini mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma na kampuni ya Sichuan Hongda mwaka 2011, na tangu wakati huo mjadala wa wananchi umekuwa juu ya tani, ajira na fidia. Hayo ni madai ya haki na sitaki yapunguzwe. Naomba yaongezewe moja. Kabla ya kukubali njia yoyote ya uchakataji, sampuli za kutoka sehemu mbalimbali za mlima zipimwe ndani ya nchi kwa mionzi ya eksi na kwa hadubini ya elektroni, zipimwe pia upitishaji wake wa umeme kadiri joto linavyobadilika, ili ijulikane ni kiasi gani cha titaniamu kiko kwenye ilmenaiti na kiasi gani kiko ndani ya magnetaiti, na vanadiamu imekaa wapi. Matokeo yake yawekwe wazi kwa watakaokaa mezani kujadili bei, kwa sababu tani mbili zenye asilimia sawa ya titaniamu zinaweza kuwa na thamani tofauti kabisa, kutegemea titaniamu hiyo imejificha wapi.